Tufe la Miiba Uani Kwetu

Kila nikinusa makumbi ya nazi yaliyolowa, moyo wangu hurudi uani kwetu, mtaani Barani.

Tulikuwa tumetoka kutazama kanda ya video kwa jirani. Askari wa kale, nguo zote chuma, alizungusha tufe la miiba lililofungwa kwenye mnyororo. Mashallah, silaha gani ile! Mtoto wa jirani, na upanga wake wa ubao, wavulana wenzake nyuma yake, akatuambia mimi na dada, "Wasichana hamna silaha. Mtakuwa farasi wetu."

Dada akaokota kidaka cha mnazi, nazi changa iliyoanguka, akakichomeka miiba ya mlimau, ncha zikitazama nje. Mnyororo hatuna, basi akasokota kamba ya makumbi kama bibi alivyotufunza, akakifunga nayo kidaka.

"Kamba ya vikongwe hiyo!" wavulana wakacheka. "Itakatika!"

"Ikikatika, tupandeni mgongoni," dada akasema.

Akaizungusha mpaka ikavuma, mimi nimefumba jicho moja. Tufe likajipigilia kwenye mgomba, likaganda pale pale.

Yule mwenye upanga akaivuta kamba kwa nguvu zake zote, isikatike. Akachutama mbele ya dada.

"Dada yangu," akasema taratibu, "nifunze kusokota."