Shimo Lenye Majani Laini

Niliondoka Kisangani kwa sababu mama alikuwa halali. Alisikia kwamba wingu juu ya mlima wa moto Nyiragongo ni jekundu, na yaya Furaha, dada yangu mkubwa, anaishi chini yake, Goma, na mtoto wake Baraka anayetambaa. Mama akasema, "Ukiona hatari, uwalete."

Lubutu mimi na dereva tulifika jioni kwa pikipiki, matope hadi magotini. Baada ya Walikale barabara ilipanda milima. Siku ya tano, tulipopita Sake, ardhi ikawa nyeusi, mawe makali tu.

Goma, asubuhi iliyofuata, yaya alienda sokoni akaniachia mtoto. Mawe yalimkwaruza magoti. Karibu na nyumba niliona shimo pana lenye majani laini. Ndani kulikuwa na panya aliyekufa. Nilishangaa, lakini nina haya, sikumuuliza mtu. Nikamweka Baraka kwenye majani, nikasimama pembeni.

"Kijana, toa mutoto mule!"

Papa Kasereka, jirani anayechonga mawe, alikuja mbio. Alibana pumzi, akainama, akamnyanyua. Baraka alikuwa amelegea. Papa alimpeleka juu penye upepo, akampepea kwa kofia. Mwishowe mtoto akakohoa, akalia. Papa akanigeukia.

"Unatoka wapi?"

"Kisangani, papa."

"Bon. Kule munaogopa mamba, huku tunaogopa shimo."

Akanieleza. Chini ya mlima mawe yameyeyuka kama uji, na ndani yake kuna gesi. Gesi ikisukuma sana, mlima unapasuka ubavuni na moto unashuka. Lakini gesi nyingine hupita polepole kwenye nyufa. Ni nzito kuliko hewa, kwa hiyo inalala mashimoni kama maji, na anayeivuta huzimia. Wanaiita mazuku.

Nikathubutu kuuliza, "Na lile wingu jekundu?"

"Ni mwanga wa uji ule, kule kileleni. Tumeuzoea. Udongo ukitetemeka bila kupumzika, ndipo tunakimbia."

Yaya aliporudi nilimwambia yote. Alimshika mtoto muda mrefu. "Leki, mdogo wangu, siku nyingine uulize, hata kama unaona haya," alisema. Mchana huo mimi na papa Kasereka tulizungushia shimo mbao.

Kabondo, mtaa wetu wa Kisangani, nilirudi peke yangu, kwa kuwa udongo wa Goma ulikuwa umetulia. Nilimweleza mama kuhusu mlima, kisha kosa langu, bila kuficha. Akauliza kuhusu mtoto:

"Alilia kwa nguvu?"

"Majirani wote walitoka nje, mama."

Akashusha pumzi, akanipakulia pondu, majani ya muhogo. Usiku ule alilala kabla yangu.