Nilimwombea rafiki yangu kwenye micro, sasa haniambii kitu

Ndugu zangu, kosa ni langu, sitamsingizia shetani. Siku ile hata yeye hakupata nafasi, maana mimi ndiye niliyeshika micro, kipaza sauti cha kanisa!

Nakaa Brussels, nasali na Wakongo wenzangu. Kwenye maombezi mimi ni mkali. Nikianza kuombea watu, hata watoto wanatulia. Na nilijipenda, acha niseme ukweli!

Rafiki yangu, nimwite Julienne, tulikuwa naye madukani Chaussée d'Ixelles. Akanivuta pembeni.

"Waliona uvimbe kwa titi. Juma ijayo wananipasua kule hospitali ya Woluwe. Uniombee, ma chère. Lakini maman yangu asijue, moyo wake uko mugonjwa. Nitamuambia nikishatoka."

"Mimi? Sisemi kwa muntu!"

Jumapili nikasimama mbele. Jina sikutaja, naapa! Niliomba tu: "Bwana, mukumbuke dada yetu mumoja, wanamupasua titi Woluwe. Unamujua, Baba. Anakaa Evere. Anaimba kwaya. Ni mama ya mapacha."

Jamani! Kanisani kwetu mwenye mapacha ni mmoja tu! Shingo zote ziligeuka. Mimi nimefumba macho, naendelea kueleza, utafikiri Mungu anatafuta nyumba na hajui mtaa!

Ghafla nikasikia sauti ya mama yake: "Julienne! Mutoto yangu! Wanakupasua nini?"

Mama wa watu akalegea kwenye kiti, jasho linamtoka. Julienne akampepea kwa kitabu cha nyimbo huku ananitazama. Macho yale! Sitayasahau.

Mama alipata nafuu. Operesheni nayo ilienda vizuri, uvimbe haukuwa wa hatari. Asifiwe Bwana! Lakini habari hiyo niliipata kwa watu wengine. Julienne, tuliyekuwa tunapigiana naye kila asubuhi, simu yangu hakushika tena.

Nikaenda kwake kuomba msamaha. Alinikaribisha, akanitilia chai, akanisikiliza mpaka mwisho.

"Nilishakusamehe," akasema.

"Alors, mbona haunipigie?"

"Kukusamehe, ndiyo. Kukuambia mambo yangu, ile bado."

Niliimeza ile chai kama dawa. Kwenye basi nililia mpaka tonton mmoja, mzee wa Kikongo, akanipa kitambaa. Alitaka kuniuliza nina shida gani aniombee. Nikashuka haraka!

Wapendwa, mtu akikupa shida yake umwombee, mpelekee Mungu, ukomee hapo. Ukijisikia lazima kanisa zima lisikie, ogopa, hayo si maombi tena, ni redio.

Na mimi mniombee, Julienne anirudie. Ila kimyakimya, nawasihi!