Fundi wa farasi aliyelikuta neno la kwao kwenye kamusi

Saa mbili asubuhi, Leander Heron ameinama kwenye zizi moja nje ya Appleby, mji mdogo wa kaskazini mwa Uingereza. Mguu wa nyuma wa farasi jike ameubana kati ya mapaja, na misumari minne iko mdomoni.

"Tulia, mama," anasema bila kufungua meno. "Ukinivunja mimi, nani atakuvisha viatu?"

Mwenye farasi anapita na ndoo. "Chai iko tayari, pal."

Leander anatemea misumari kiganjani na kunigeukia. "Umesikia? Ameniita kaka, na mwenyewe hajui."

Waingereza hulitumia neno hilo kumwita rafiki, au mtu wasiyemjua jina. Lakini kwa Waroma wa Uingereza, jamii ya wahamaji wanaoitwa pia Wajipsi, watu wa akina Leander, "pal" ni ndugu wa kiume, mtoto wa mama yako.

Leander ana miaka 47. Kuvisha farasi mmoja viatu vinne hulipwa pauni 90, naye huvisha watano kwa siku mgongo ukikubali. Amezaliwa kwenye gari la kukokotwa na farasi, nyumba ya kuhamahama ya watu wake, akasoma shule saba na kuziacha zote kabla hajajua kusoma.

"Mwalimu mmoja alinisikia nikiongea na kaka yangu Ambrose langoni," anakumbuka. "Akasema hiyo ni lugha ya wezi, nisiilete darasani. Nilikuwa na miaka minane. Nikamwamini."

Kazi aliijua mapema, ila bila cheti sheria haimruhusu mtu kupigilia farasi viatu. Akiwa mwanagenzi alifeli mtihani wa kuandika mara mbili. Aliyemwokoa ni Edith Braithwaite, mkutubi mstaafu mwenye farasi mdogo mzee. Kila Alhamisi, kwa miaka miwili, alimfundisha kusoma kwenye meza ya jikoni.

"Alikuwa mbishi," anasema Bi Edith, ambaye sasa ana miaka 82. "Nikimpa kitabu cha watoto, ananiuliza kama na farasi nao wanakisoma. Nikampa kamusi, nikamwambia achague neno mwenyewe."

Akachagua "pal". Kidole kikapita polepole juu ya mistari. Kamusi ilisema Waingereza walianza kuliandika karne ya kumi na saba, kwamba walilitoa kwa Waroma, na kwamba mzizi wake uko India.

"Nikasoma tena. Nikamwuliza Bi Edith, 'Hapa wameandika sisi?' Akasema ndiyo, ninyi. Nikatoka nje kidogo."

Jioni ile alikwenda kumweleza Ambrose. Kaka yake, mkubwa kwake kwa miaka kumi na moja, hakufurahi hata kidogo.

"Nilimwambia, wametufukuza kila tulipofunga farasi, na neno letu wamelichukua, halafu wewe unakwenda kwao kusomewa habari zake?" anasema Ambrose. "Nikamwambia asirudi kwangu."

Hawakusemezana miaka mitatu. Leander akafaulu mtihani katikati ya ukimya huo. Kaka yake alisikia kwa watu.

Walikutanishwa na msiba wa shangazi. Baada ya mazishi waliingia baa moja mjini, wote wawili na suti nyeusi. Mwenye baa aliwatazama, akaendelea kufuta bilauri.

"Samahani, pal. Leo hatuwahudumii watu wa magari ya kukokotwa."

Leander akamwuliza kama anajua neno hilo limetoka wapi. Akamweleza taratibu, mpaka karne lilipoanza kuandikwa. Mwenye baa alisikiliza hadi mwisho.

"Nimekuelewa," akasema. "Lakini bado siwahudumii."

Wakatoka. Nje, Ambrose aliegemea ukuta, akacheka mpaka akashika mbavu.

"Umemsomesha bure, mdogo wangu. Mtu kakataa kukupa hata maji, wewe unampa karne."

"Ningefanyaje?"

"Hivyo hivyo ulivyofanya," Ambrose akamjibu, akamshika bega. "Twende nyumbani, pal."

Leander anasema hakuwa ameitwa hivyo na mtu wa damu yake tangu siku ile waliyogombana.

Mwaka huu Ambrose amegundulika na ugonjwa wa moyo. Barua za hospitali huja kila wiki mbili, na majirani ndio humsomea. Hapendi mambo yake yapitie midomo ya watu. Kwa Bi Edith amekataa kwenda kujifunza kusoma, ila kwa mdogo wake amekubali. Wataanza Jumapili ijayo, kwenye gari la Ambrose, na Leander anatumaini kufikia majira ya baridi kaka yake atakuwa anajisomea.

"Nilimwambia tutaanza na jina lake," anasema Leander, akiinua mguu wa mwisho wa farasi. "Akasema, 'Mimi ninajijua. Anza na lako.'"