Aproni ya Bwana Mkuu wa Loji

Hapa Kaplong, mtu akinunua gari mbili mwaka mmoja, watu husema ameingia frimasoni. Nami nilikuwa nikisema hivyo, tena kwa kujiamini, mpaka asubuhi moja mwalimu mstaafu aliyefundisha watoto wangu hesabu alipoingia dukani kwangu na mkoba mweusi mwembamba. Akatoa aproni ya ngozi ya kondoo, nyeupe, yenye ukingo wa buluu ya mbingu.

"Mama fundi, unaweza kushona ngozi?"

Aproni nilizozijua ni zile za plastiki nzito mama yangu alizofunga kiunoni akichuma chai, tangu wazazi wangu wahamie huku kutoka Kisii. Nikamwuliza hii ni ya nini.

"Ya loji, yaani kikundi chetu. Mimi ni frimasoni, miaka mingi sasa."

Mguu wangu ukatoka wenyewe kwenye pedali ya cherehani. Aliuona, akacheka, akavuta kiti.

Alinieleza kama alivyokuwa akieleza hesabu. Anayeingia kwanza huitwa mwanagenzi, na aproni yake ni nyeupe tupu. Akipanda daraja la pili huwa fundi mwenza, akawekewa maua mawili ya utepe upande wa chini. Daraja la tatu ni fundi kamili: huongezewa ua la tatu kwenye kile kifuniko cha juu, pamoja na ukingo wa buluu.

"Na juu ya hapo?"

"Kwetu kwenye loji, hakuna daraja juu ya la tatu. Kuna vyeo. Wasimamizi wawili, mkubwa na mdogo. Katibu. Mlinzi wa nje, anayesimama mlangoni na upanga. Na mmoja hukalia kiti mwaka mzima, ndiye Bwana Mkuu wa loji. Nao wote wako chini ya Loji Kuu."

"Basi hayo si siri?"

"Siri ni ishara na maneno ya kutambuana. Hayo sikwambii."

Wenzake walikuwa wamemchagua kukalia kile kiti. Aproni mpya iliyoagizwa ng'ambo haikuwa imefika, na sherehe ilikuwa Jumamosi ya wiki iliyofuata. Alitaka nitoe yale maua matatu, mahali pake niweke alama tatu za fedha mfano wa herufi T iliyopinduliwa. Nilimtazama mzee huyu, nikakumbuka nami nilianza ufundi kwa kufagia vipande vya kitambaa. Nikaichukua kazi.

Ngozi haisamehe. Ukitoboa vibaya, tundu halizibiki. Niliomba vipande kwa fundi viatu wa jirani, nikafanya mazoezi siku mbili kabla ya kugusa ile yenyewe.

Siku ya tatu mwenyekiti wa akina mama wa kanisa letu akaja na wenzake wawili. Kitambaa cha kanzu za kwaya kilikuwa kwangu tayari, na walikuja kukichukua wakampe fundi mwingine.

"Tumesikia unashonea frimasoni," akasema. "Tuambie ukweli. Wewe uko daraja la ngapi?"

"La cherehani," nikajibu. "Kaeni chini."

Hawakuketi; wale wawili walikuwa wameshakishusha kitambaa rafuni. Nikaitandika aproni mezani hata hivyo, nikawaonyesha yalipokuwa yamekaa maua ya fundi mwenza, ukingo wa fundi kamili, na alama ninazoziweka. Mmoja akauliza kama ni lazima mtu atoe mtoto ndipo apewe kiti.

"Mwalimu ana watoto watano, wote wazima, na mmoja ni mwalimu wa Sunday school ya mtoto wako," nikamwambia. "Mimi nimeshonea watu sanda miaka hii yote. Je, mimi ni maiti?"

Mwenyekiti akaniangalia, kisha akainama juu ya meza. Akaigeuza ngozi, akapitisha kidole nyuma ya mshono.

"Kila tundu umelitoboa mara moja tu?"

"Mara moja."

Akaketi. "Kanzu zetu nazo zishonwe hivi," akasema, na wale wenzake wawili wakakirudisha kitambaa rafuni.

Jumamosi ile nilialikwa kwenye jengo la loji kwa chakula cha mchana, pamoja na familia za wanachama. Wanawake hatuingii kwenye kikao, kwa hiyo tulingoja bustanini, na mlangoni alisimama mlinzi na upanga wake kama nilivyoelezwa. Mlango ulipofunguka, mwalimu alitoka wa kwanza, wengine wote nyuma yake, zile alama tatu ziking'aa juani. Mke wake akapiga kigelegele. Mimi nikapiga kingine, kirefu zaidi.

Mezani mgeni mmoja, Bwana Mkuu wa loji nyingine, aliisifu aproni akidhani imetoka Ulaya.

"Imetoka Kaplong," mwalimu akasema kwa sauti ya darasani. "Fundi wake ndiye yule. Simama, mama, wakuone."

Nikasimama, na meza nzima ikapiga makofi. Kabla ya chai nilikuwa nimepata kazi ya aproni nne.

Kesho yake kwaya iliingia kanisani na kanzu mpya, pindo zote zimelingana. Mwenyekiti aliniachia nafasi kando yake, mstari wa mbele, na wimbo ulipoanza niliuimba kwa nguvu zangu zote.