Kadi Iliyojiona Iko Goma

Nilikuwa tayari kuivunja kwa nyundo. Nasema hivi bila aibu, kwa sababu nyundo ilikuwa mkononi mwangu, na kadi yenyewe ya waifai, kipande cha kijani kisichozidi upana wa vidole viwili, ilikuwa mezani mbele yangu, imetulia kama mgeni aliyekwisha kula na sasa anangoja aonyeshwe pa kulala. Ilikuwa Alhamisi mchana. Jumamosi saa nne asubuhi wageni wangeingia uani kwetu kumuomba dada yangu, na bila kadi ile dada yangu hangetoka chumbani.

Hilo halikuwa deko la bibi harusi. Dada yangu alilelewa Goma na mama mkubwa, dada ya mama yetu, tangu alipoachishwa ziwa hadi alipomaliza shule. Mama alikuwa akiuza sambaza, samaki wadogo wa ziwani, sokoni asubuhi na jioni, mimi nilikuwa mgongoni mwake, na mtoto mwingine hakuwa na mgongo wa kubebwa. Mama mkubwa akamchukua. Ndiye aliyemsuka, akamchapa, akamfundisha kuhesabu kwa Kifaransa. Sasa, wiki mbili kabla ya siku yenyewe, mama mkubwa aliteleza kwenye mawe meusi ya uwanja wake akavunjika mguu. Plasta ilimpanda hadi pajani. Kuvuka barrière, yaani mpaka, kuja kwetu Rwanda, hata kwa kubebwa, daktari alikataa.

Dada akatangaza mbele ya familia nzima: "Kama mama mukubwa haseme ndiyo na mudomo yake, na tunamuona uso, mi sitoke mu chumba. Waje, wakule, warudi."

Baba mdogo, ambaye ndiye angekuwa msemaji wetu siku hiyo, akacheka. "Basi kuko shida gani? Si tuko na mwandishi, mwenye kujenga intaneti na mikono yake?"

Watu wote wakanigeukia, nami, mjinga, nikatabasamu.

Ruta yetu, mashine ya kugawa intaneti nyumbani, niliitengeneza mwenyewe. Nilichukua kompyuta ndogo iliyotupwa na ofisi moja mjini, haina hata kifuniko, nikaweka programu za bure, nikachomeka waya wa intaneti upande mmoja na kadi ya waifai upande mwingine, yenye antena mbili zilizosimama kama masikio ya sungura. Nilijivuna nayo kuliko riwaya ninayoiandika. Siku moja, katika kikundi chetu cha waandishi, nilisema kwamba sitaki nyumbani kwangu chombo ambacho sijakiona tumbo. Watu wakapiga makofi. Nikikumbuka makofi yale leo, mashavu yananiwaka.

Jumatano tulifanya majaribio. Simu iliwekwa juu ya kiti, chini ya turubai ambalo lilikuwa limekwisha kufungwa uani, na uso wa mama mkubwa ukatokea, mkubwa na safi, hata kovu la nyusi lilionekana. Dada alipiga magoti mbele ya kiti. Mama mkubwa akaanza: "Mwanangu, unakonda. Njo nini, mapendo ao njaa?" Hapo umeme ukakatika. Uso ukaganda, mdomo wazi. Kisha hakuna kitu.

"Ngoja," nilisema. "Iko betri."

Ilikuwepo kweli. Betri ya sola huishika mashine umeme ukienda, ila kwa kishindo: mashine huzimika, halafu huwaka upya kabla hujamaliza kutafuta tochi. Iliwaka. Taa ziliwaka. Waya wa intaneti ulikuwa mzima. Kadi tu ndiyo iliyokataa. Katika kumbukumbu za mashine niliona ujumbe mmoja mkavu, kwamba masafa ya redio niliyoomba hayaruhusiwi. Hayaruhusiwi na nani? Niliyatumia asubuhi ile ile! Nikaizima, nikaiwasha. Hayaruhusiwi. Mara tano. Umeme uliporudi, nikaiwasha mara ya sita, na kadi ikaamka ikiimba, kana kwamba hakukuwa na lolote.

Mtu asiyejua ataniuliza kwa nini tusingetumia simu peke yake, bila waifai. Kwetu ni hatua chache kutoka barrière ndogo. Ukisimama mlangoni, simu iko Rwanda. Ukisogea penye tangi la maji, uani, simu inakukaribisha Congo kwa ujumbe wa adabu na kuanza kula salio lako kama mchwa. Kila mtoto wa mtaa wetu anajua hivyo. Nilijua hivyo tangu nishike simu ya kwanza. Kumbukeni kwamba nilijua.

Alhamisi umeme ulikatika mara mbili, na mara zote mbili kadi ilikataa. Nikasema ni betri, inatoa nguvu kidogo. Nikaazima betri ya gari ya baba mdogo. Ikakataa. Nikasema ni vumbi. Nikaichomoa kadi, nikasugua meno yake ya dhahabu kwa kifutio cha penseli, taratibu, kama nasugua meno ya mtoto. Ikakataa. Nikabadilisha waya za antena, ya kushoto kulia, ya kulia kushoto. Baba mdogo alikuwa amesimama mlangoni na kikombe chake cha chai, akitazama.

"We mwandishi, unaiosha ao unaichuna?"

Niliinamia antena.

"Mu maduka kuko ruta zinafungwa muzuri na plastiki, na karatasi ya kuonyesha namna ya kutumia. We ukaenda kuokota mifupa ya ordinateri ya kutupwa. Sasa unataka mifupa iseme."

"Baba mudogo, niache."

"Nakuacha. Njo kadi haikuache."

Ndipo nilipoiweka mezani na kuchukua nyundo. Nilipiga, lakini nilipiga meza, karibu nayo, hata bisibisi zikaruka. Mama akaingia na mikono yenye unga.

"Yewe, mwana! Meza iko na makosa gani?"

Nyuma yake alikuwa dada. Nywele zake zilikuwa nusu zimesukwa, nusu zimesimama. Alinitazama, akatazama nyundo, akasema polepole, na polepole ile ndiyo iliyoniua: "Ile machine ulijenga juu ya kutusaidia, ao juu ya kujisifu?"

Hasira ya kweli si ile inayokuja ukitukanwa. Ni ile inayokuja ukitukanwa kwa haki. Nilitaka kumwambia kwamba nimelala kwa muda wa saa tatu tu, kwamba kadi hii nimeisomea kurasa na kurasa, kwamba watu wa nchi nyingine wanalalamika juu yake na hakuna mwenye jibu. Nilitaka kumwambia pia kwamba yeye alikuwa na mama wawili na mimi nusu ya mmoja. Badala yake nikatoka, nikashuka hadi ziwani, nikasimama pale nikitupa mawe majini kwa nguvu zote za bega langu, mpaka mwanamke aliyekuwa anaanua samaki zake akaniuliza kama Kivu imenikosea.

Ijumaa saa sita, umeme ukaenda tena. Wingu jeusi lilikuwa limelalia upande wa Mudende, na mvua ikinyesha huko, waya zetu huku huugua. Nilikuwa nimechoka kiasi cha kutokuwa na wazo jipya hata moja, na labda hiyo ndiyo iliyonisaidia. Sikuigusa kadi. Niliketi tu mbele yake, nikaiamuru iniambie inasikia nini.

Siku za kawaida, ukiiuliza hivyo, inakutajia majina thelathini. Mtaa wetu umebanana, kila nyumba ina kisanduku chake kinachopiga kelele. Jirani wa kushoto, jirani wa kulia, hoteli, saluni. Mchana ule iliniletea majina manne tu. Nikashangaa, halafu nikaelewa: majirani wote umeme wao umekufa, masanduku yao yamenyamaza. Majina manne yale sikuyajua. Nikayasoma tena. Moja lilikuwa tusi la Kifaransa. Jingine lilikuwa jina la duka la dawa ambalo nimepita mbele yake mara mia moja nikienda kwa mama mkubwa.

Yote manne yalikuwa ya ng'ambo. Umeme wa Goma una waya wake.

Na kila kisanduku cha waifai, kikipiga kelele zake, hutangaza pia herufi mbili za nchi kilipo, kwa sababu kila nchi ina masafa inayoruhusu na inayokataza. Nilikuwa nimeiandikia kadi yangu herufi za Rwanda, kwa mkono wangu. Nikafungua kumbukumbu zake ndani zaidi, mahali ambapo sikuwa nimefika. Haikuwa inajali nilichoandika. Iliundwa kutomwamini mwenye nyumba. Kila ikiamka hutega masikio, husikiliza majirani, huamua yenyewe iko nchi gani. Umeme ukiwepo, ilisikia Rwanda na kukubali. Umeme ukienda, sisi tukanyamaza wote, ilisikia Goma peke yake, ikaamua iko Congo, na masafa niliyoyachagua ikayahesabu kuwa haramu.

Nilisimama, kiti kikaanguka.

"Hata wewe?" nilipiga kelele, katika sebule tupu, kwa kipande cha plastiki. "Hata wewe?"

Maana maisha yangu yote nimeulizwa swali hilo. Nikiwa Goma, nikifungua mdomo, mtu ananiuliza mimi ni wa wapi. Nikiwa Kigali, nikichanganya neno la Kiswahili ndani ya Kinyarwanda, mtu ananiuliza mimi ni wa wapi. Mama yangu ameulizwa kwenye barrière na kijana ambaye hakuwa amezaliwa wakati yeye anavuka na beseni kichwani. Na sasa, ndani ya nyumba yetu, mezani petu, ikila betri yetu, kadi inategea sikio ukutani na kutuamulia!

Mama alikuja mbio akidhani nimepigwa na umeme. Nikamweleza. Alisikiliza mpaka mwisho, akatazama antena mbili, akasema: "Inasikia watu ya Goma, inafikiri iko Goma. Mi pia nilifikiri vile, miaka mingi." Akarudi kwenye unga wake.

Sikucheka. Ningepaswa kucheka, lakini nilikuwa najikumbuka nikiwa nimesimama penye tangi la maji, mtoto wa miaka kumi na mbili, simu ikinikaribisha Congo. Nilijua tangu zamani kwamba vitu hivi husikiliza ng'ambo. Siku tatu nilisugua meno ya kadi kwa kifutio, na jibu lilikuwa uani.

Dawa yenyewe ilichukua dakika mbili. Masafa yale niliyoyachagua yalikuwa ya juu, meupe, hayana mtu. Niliyachagua kwa sababu hiyo: sikutaka kubanana na saluni na jirani wa kushoto. Yapo masafa ya chini, ya zamani, yanayoruhusiwa pande zote mbili, ambamo kila mtu amejazana. Nikaishusha kadi huko. Spidi ikashuka vibaya. Nilipoijaribu na betri, ikaamka, ikaamini iko Congo, ikafanya kazi.

Jumamosi wageni walifika na suti zao. Wasemaji walipigana maneno kama kawaida, wa upande wa bwana akajifanya amekuja kuomba njia ya kuelekea Nyakiriba, baba mdogo akamwambia njia hiyo imefungwa. Mimi sikuwa chini ya turubai. Nilikuwa sebuleni, peke yangu, na mashine. Dada alikuwa chumbani, mlango ukiwa wazi kidole kimoja.

Baba mdogo alikuwa ndiyo kwanza anasema, "Sasa tuulize mama yake wa ng'ambo," umeme ulipokatika.

Spika zikafa. Mashine ikazimika. Ikawaka. Nikasikia uani kimya cha watu wengi waliovaa vizuri. Nilihesabu pumzi zangu nikiitukana kadi kwa Kinyarwanda, kwa Kiswahili na kwa Kifaransa, ili isipate pa kujificha. Halafu, bila spika, kutoka kwenye simu ndogo juu ya kiti, ikasikika sauti kavu:

"Allô? Mbona munanitazama kama picha ya mufu?"

Kicheko kikafunguka kama mlango.

"Mbele ya kusema kitu, ule kijana asimame. Mwili wote. Munanionyesha kichwa tu. Kichwa haipande kilima." Nikasikia kiti kikisogezwa. "Ageuke. Atembee. Bon. Anatembea kuliko mi." Kicheko tena. Kisha sauti ikashuka, nami nikalisogelea dirisha. "Ndiyo. Nimemutoa. Lakini akilia, ntavuka. Hata na plasta, ntavuka." Vigelegele vikapanda, akavikata. "Na ule mwenye kunikata maneno mu mudomo siku tatu, iko wapi? Mumuambie nilikuwa nasema na ukuta!"

Uani mzima ulinicheka, wageni nao, watu ambao hawakujua hata jina langu. Masikio yaliniwaka. Siku tatu, na hiyo ndiyo asante! Mkono wangu ulikuwa juu ya mashine, karibu na kadi, ambayo ilikuwa ya moto, na nadhani kweli ningeichomoa, kwa ukaidi tu.

Mlango wa chumbani ukafunguka. Dada alipita katika vazi lake la mushanana, akinukia mafuta mapya, macho yamelowa. Alikuwa amesikia kila neno. Alisimama karibu nami, akatazama mkono wangu, akatazama taa ndogo iliyokuwa inapepesa.

"Usiiguse," alisema.

Akatoka nje.