Tela Lililopakwa Rangi

Juzi nilikuwa kwa fundi umeme wa magari hapa Singida mjini, mzee mmoja wa Mtinko alipoingia na pikapu inayovuta tela jekundu linalong'aa. Alikuwa ametoka kwenye ukaguzi, na askari alikuwa amelikataa tela kwa sababu taa za nyuma haziwaki. Alizeti yake bado ilikuwa shambani, ikilisubiri tela hilo.

"Shikamoo mzee. Zilianza lini kusumbua?" fundi, mama wa makamo, alimuuliza.

"Marahaba. Tangu nilipolipaka rangi. Nililipaka kwa ajili ya ukaguzi huo huo."

Fundi alipima balbu, zote zilikuwa nzima. Akapima waya, umeme ulikuwa unafika. Kisha akaingia chini ya tela.

"Mzee, umepaka mpaka hapa waya wa arthi unaposhikana na chuma. Umeme unakwenda kwenye taa lakini hauna pa kurudia. Lazima nikwangue."

"Kwangua kidogo," mzee alisema, akageuza uso kama anayechomwa sindano.

Fundi alikwangua hadi chuma kikaonekana, taa zikawaka. Niliomba lifti mpaka kwenye ukaguzi, maana nilitaka kuona mwisho wake.

Askari alitazama taa za breki na indiketa, akaridhika. Kisha akainama, akagusa chuma kilichokwanguliwa.

"Limepita, mzee. Ila hapa patashika kutu. Papake rangi."

Kuhusu kutu, ushauri ulikuwa sahihi kabisa, na hilo ndilo lililouma.

"Nimesikia, afande," mzee alijibu kwa adabu, akaondoa pikapu bila kukumbuka kwamba yeye ndiye aliyenileta.