Vidonge Vichungu vya Wodi ya Askari

Mume wangu alirudi kutoka vitani Uganda akiwa na mguu mmoja na nusu, na cha ajabu ni kwamba kilichokuwa kikimuuma ni ile nusu aliyoiacha huko. Kidole gumba cha mguu wa kushoto, ambacho hakuna aliyejua kilizikwa wapi wala kama kilizikwa, kilimwaka moto kila jua lilipozama, na yeye amelala zake kitandani Moshi. Aliponieleza mara ya kwanza nilicheka. Sikucheka kwa ubaya, nilidhani ananitania, maana kabla ya vita alikuwa mtu wa utani sana. Kisha nikaona jasho linavyomtoka usoni, nikamfuta kwa kanga.

Mama mkwe wangu alikuwa na maelezo yake. Mguu umezikwa vibaya, alisema, vidole vimekunjwa. Alitaka mtu apande basi aende Uganda akavinyooshe. Nilimuuliza nani atakwenda, akanitazama mimi.

Wakati huo hospitali moja pale mjini ilikuwa imetenga wodi nzima kwa ajili ya majeruhi wa vita. Watu waliiita wodi ya askari, ingawa wengi wao walikuwa mgambo tu kama mume wangu, wakulima waliofundishwa kupiga kwata kwenye uwanja wa shule wakapelekwa mpakani. Kila Jumamosi nilishuka kwa miguu kutoka kwetu Kilema, juu mlimani, mpaka Himo, kikapu kichwani, na Himo nikapanda basi la Moshi kama siku hiyo lilikuwa na dizeli. Nilibeba mtori, ile supu yetu nzito ya ndizi, kwenye chupa ya chai, maziwa mgando kwenye kibuyu, na ndizi mbivu za kugawia majirani zake. Sukari sikubeba. Miaka ile sukari ilikuwa kitu cha kusimuliana.

Jeraha lake lilikuwa limepona vizuri na ruhusa ya kurudi nyumbani alikuwa nayo. Ni yeye aliyekataa kurudi. Usiku maumivu yalipomzidi alipiga kelele, na pale wodini hakuna aliyejali kwa sababu wote walipiga. Nyumbani ilikuwa habari nyingine. Tulikuwa na watoto wawili, na yule mdogo alizaliwa baba yake akiwa vitani, hamjui.

"Akianza kunijua kwa kelele, ataniogopa maisha yake yote," aliniambia. "Siku nitakayoweza kulala usiku kucha, nitapanda kuja. Kabla ya hapo usiniite."

Nilimwonea huruma na nilimkasirikia, na mara nyingi vyote kwa pamoja. Kahawa ilitaka kupogolewa, migomba ilitaka kuondolewa maganda, lakini hayo niliweza. Nilimtaka mume wangu nyumbani, basi. Sikuwa na ombi jingine duniani.

Ndipo akaja daktari wa utafiti. Alikuwa kijana mwembamba wa huko kanda ya ziwa, ametoka masomoni ng'ambo, na alikuwa na ile haraka ya mtu ambaye bado anaamini mambo yatakwenda kama yalivyopangwa. Aliwakusanya wote wodini akawaeleza. Kuna dawa mpya, alisema, huenda inatuliza maumivu ya kiungo kilichokatwa, huenda haitulizi, na hakuna namna ya kujua ila kujaribu. Nusu yao watapewa vidonge vyenye dawa. Nusu nyingine watapewa vidonge vinavyofanana na vile lakini ndani havina kitu. Nani kapata kipi, mgonjwa hatajua na hata yeye daktari hatajua. Atajua mfamasia peke yake.

Wodini alikuwepo sajini mmoja Mngoni, mtu wa mwili mkubwa na mkono mmoja, ambaye wote walimfuata ingawa hakuna aliyemchagua. Ule mkono uliokatwa ulimuuma kama ngumi iliyofumbwa ikakataa kufumbuka. Aliuliza swali moja tu.

"Daktari, huyo atakayepewa kitupu, kosa lake ni nini?"

Daktari alieleza tena kwa upole kwamba si adhabu, ni njia ya kupata ukweli, na asiyetaka yuko huru kukataa. Hakuna aliyekataa. Waliitikia kwa pamoja, kama walivyozoea kumwitikia kila mwenye cheo, na daktari akaondoka ameridhika.

Kila Jumatatu kila mtu alipewa kikopo chake cha vidonge vya wiki. Haikuchukua muda wakagundua kwamba vidonge vinafanana kwa macho tu. Vikopo vingine ukilamba kidonge ulimi unakakamaa kwa uchungu, kama gome la msesewe tunalotia kwenye mbege, pombe yetu ya ndizi. Vikopo vingine ni utamu tu, kama peremende ya mtoto. Sasa watu waliokulia uchungu wa klorokwini ya malaria hawahitaji kufundishwa. Wodi nzima ilikubaliana bila mjadala kwamba kichungu ndicho dawa na kitamu ndicho kitupu.

Nilikuja Jumamosi moja nikamkuta sajini amekaa katikati ya wodi na bakuli mbili za bati, vikopo vyote vimemiminwa. Bakuli moja ya vichungu, nyingine ya vitamu. Aligawa kwa mkono wake mmoja, kila mtu sawa na mwenzake, na amri ilikuwa fupi: leo unakula kichungu, kesho kitamu, keshokutwa kichungu.

"Karibu shemeji," aliniambia. "Hapa hatutaki mabepari wa usingizi."

Nilicheka pamoja nao. Nilipokaa kitandani kwa mume wangu ndipo nikauliza, kwa sauti ya chini, kikopo chake kilikuwa cha aina gani.

"Kichungu," alisema, na alisema kwa majivuno. "Kichungu hasa."

"Na unagawa?"

"Nagawa."

"Baba watoto, umepewa dawa na daktari, unamwaga kwenye bakuli kama njugu?"

"Na wao ni watu."

Ninajijua. Nikishikwa na hasira siwezi kusubiri mtori upoe. Nilimwambia ale dawa yake yote apone arudi kwa watoto wake, na hao wenzake tutawaombea kanisani. Nilimwambia pia kwamba huyo sajini wake ana akili sana, ana kikopo kitamu halafu anajifanya mwalimu wa usawa. Nilitaka nisikike na yeye tu, lakini nadhani nilisikika mpaka jikoni.

Mume wangu alingoja mpaka nikamaliza. Kisha akaniambia jambo ambalo hakuwa amenieleza kabla.

"Siku nilipokanyaga bomu, mimi sikutoka pale kwa miguu. Yule ndiye aliyenibeba mgongoni, wakati huo bado ana mikono yote. Alinibeba tangu asubuhi mpaka jua la utosini, na njia nzima nilikuwa namtukana kwa Kichagga kwa sababu ananitikisa. Yeye alidhani ninamshukuru, akawa ananijibu asante." Akamwonyesha sajini kwa kidevu. "Sasa unataka nifiche kikopo chini ya mto, na yeye kalala pale?"

Hasira ilikuwa bado ipo. Niliacha chupa ya mtori nikaondoka bila kuaga vizuri, na kwenye basi niligombana naye kichwani mpaka Himo.

Na hata hivyo, kwa kugawana kwao huko, nafuu ilikuja. Ilikuja kidogo kidogo. Mume wangu alianza kulala, usiku mmoja kamili, unaofuata nusu, kisha tena kamili. Nilihesabu moyoni: hii ni nusu ya dawa yake, je, angekula yote? Angekuwa nyumbani sasa, amempakata mtoto. Kila nilipoona bakuli zile za bati nilitamani kuzipiga teke.

Daktari naye alikuwa na mashaka yake. Jumamosi moja alisimama katikati ya wodi akisema kwa sauti, kama anajisemea, kwamba haelewi. Alitegemea nusu yao wapone na nusu wasipone, au wote wasipone. Sasa wote wamepona nusu nusu, kila mtu sawa na mwenzake.

Sajini akasimama wima akapiga saluti kwa mkono aliobaki nao.

"Hilo ni rahisi, daktari. Tunagawana."

"Mnagawana nini?"

"Vidonge. Sawasawa kabisa, hakuna aliyedhulumiwa."

Alitegemea kusifiwa, masikini, uso wote ulionyesha hivyo. Daktari alikaa kwenye kitanda kilichokuwa karibu, cha mtu mwingine, na mwenye kitanda akasogeza miguu kumpisha. Aliposimama tena alikuwa amekasirika kweli. Kazi yake yote imeharibika, alisema, ni maji yaliyomwagika, na hawezi kuwapa dawa watu wanaoichezea. Akakusanya vikopo vyote yeye mwenyewe. Kuanzia wiki inayofuata utafiti umefungwa, na kila ambaye jeraha limepona aende kwao.

Mume wangu alikitazama kikopo chake kinavyoondoka, na nikajua anachofikiria. Kwenda kwao bila usingizi, kwenda kuwatisha watoto.

Nilipomweleza mama mkwe, hakuuliza habari za utafiti. Aliuliza nani amemkosea nani. Nikasema hao wanaume wamemkosea daktari. Akachukua panga, akaenda mpakani mwa kihamba, shamba letu la migomba, akakata jani la isale akanipa. Kwetu mtu aliyekosa hupeleka jani hilo kwa aliyemkosea, na aliyepelekewa, hata awe na hasira kiasi gani, hawezi kusema hapana. Ugomvi umefikia mwisho.

"Lakini mama, yule si Mchagga," nilimwambia.

"Anakula ndizi zetu," akasema.

Jumatatu asubuhi nilimkuta daktari ofisini kwake na sista mkuu wa wodi, mama wa makamo kutoka Masama, Mchagga kama mimi. Niliwaamkia, nikamsogezea daktari jani kwa mikono miwili. Alikuwa bado amenuna, lakini alilelewa vizuri, akalipokea na kushukuru. Kisha akaanza kutafuta glasi ya maji alitie.

"Daktari," sista alisema, "hilo umeshalipokea."

"Nimepokea jani, sista. La kupamba meza."

"Si la meza. Huyu mama ameleta msamaha kwa niaba ya wodi nzima. Ukishalipokea, umesamehe. Mkuu wa kijiji anasamehe, mwenye ng'ombe aliyeuawa anasamehe. Daktari naye anasamehe."

Daktari alilitazama jani, akanitazama mimi, akamtazama sista aone kama anataniwa. Hakuna aliyecheka. Aliyecheka ni yeye mwenyewe, bila kupenda, mpaka akavua miwani.

Alisema utafiti wake atauanza upya, na watu wengine, na safari hii kidonge kitamezwa mbele ya muuguzi. Hawa wa zamani hawamfai tena kwa utafiti, kwa hiyo atawatibu tu kama wagonjwa. Watapewa dawa yenyewe wote, wazi, maadamu ipo. Nilimshukuru mpaka akaniomba nipumzike.

Ili jambo liishe vizuri, alimleta mfamasia wodini awaambie wenyewe walikuwa wakila nini. Mfamasia alikuwa mtu mpole aliyeonekana anataka kuwa mahali pengine. Alikohoa, akasema kwamba dawa ya kweli ilikuja kutoka kiwandani imevishwa sukari. Yeye alipotengeneza vidonge vitupu aliogopa vitajulikana kwa kukosa ladha ya dawa, akavitia uchungu. Huenda, alisema, alizidisha kidogo.

Ilichukua muda watu kuelewa. Mimi nilielewa mapema kuliko wengi, kwa sababu nilikuwa na deni la hesabu kichwani. Kichungu ndicho kilikuwa kitupu. Kikopo cha mume wangu, kile nilichogombania, kile nilichotaka afiche chini ya mto ale peke yake, hakikuwa na kitu. Angenisikiliza mimi, asingelala hata usiku mmoja. Kila usingizi alioupata ulitoka kwenye kikopo kitamu cha mtu mwingine.

Mume wangu naye alikuwa ameifikia hesabu hiyo. Aligeuka kitandani akamtazama sajini, ambaye bado alikuwa ameinamisha kichwa anapanga mambo.

"Afande," alimwambia, "umenibeba tena."

Sajini alifikiri kidogo. "Ndiyo maana nimechoka," akasema.

Nilitoka nje nikasimama kwenye veranda nikalia, kisha nikarudi ndani nikammiminia sajini mtori wote. Mume wangu alikula ndizi mbivu siku hiyo na hakulalamika.

Alipanda Kilema mvua za vuli zilipoanza, kwa magongo, akisimama kila hatua chache kunieleza makosa niliyofanya kwenye kahawa. Mtoto mdogo alijificha nyuma ya gauni langu jioni yote. Asubuhi iliyofuata mama mkwe alikuja mapema kumsalimu mwanawe, na kutoka mlangoni tukamsikia akikoroma, jua limeshafika kwenye migomba. Yule bibi, ambaye sauti yake ilisikika mpaka kijiji cha pili, aliwafukuza kuku kwa kunong'ona. Nikageuka nikamwona mdogo amekaa sakafuni karibu na kitanda, anamtazama baba yake, haogopi.